Masikio Yenye Nywele: za Kunyonyoa, za Kukata na za Kuacha

Barua za toleo hili zimetoka Malindi na viungani mwake, na zote zinahusu mbwa chotara wa pudeli, wale wenye manyoya ya kujikunja. Manyoya yao hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengine. Yanakua tu mfululizo, mpaka ndani ya tundu la sikio.

*Mimi ni mtunza nyumba Casuarina. Tajiri wangu amesafiri na kuniachia mbwa wawili, chotara wa pudeli na kokaspanieli. Kijana anayekuja kuwaosha anasema nywele za masikio lazima zinyonyolewe zote kila mwezi. Daktari wa mifugo naye alisema zisiguswe. Nimsikilize nani?*

Kila mmoja ana lake la kweli, ila daktari amekaribia zaidi.

Unywele ukivutwa kwa nguvu, kitundu ulimoota hubaki wazi na ngozi ya pale huvimba kidogo. Sikio zima hulimaliza jambo hilo kwa siku moja au mbili. Sikio la mbwa mwenye mzio haliwezi. Ngozi hutoa majimaji, na bakteria na kuvu ambao siku zote wamo humo kwa uchache hupata mahali pa kuzaliana. Ndiyo maana kuna mbwa anayenyonyolewa Jumamosi, Jumatatu anaanza kutikisa kichwa. Watu husema uchafu ulikuwa umejificha, kumbe sikio lilikuwa zima mpaka siku lilipoguswa.

Upande wa pili, nywele zikishikamana na nta zikawa donge, hewa haipiti, unyevu haukauki na dawa ikitiwa huishia juu ya donge. Hapo kuziacha ni kosa.

Kwa hivyo angalia kwanza. Mgeuze mbwa akuelekee ubavu, inua ndewe (ile sehemu ya nje ya sikio inayolala juu ya tundu), mulika kwa tochi ya simu. Ukiona tundu wazi, ngozi ya waridi hafifu, nywele zilizolegea na hakuna harufu, shusha ndewe uende zako. Ukiona nywele zimeziba tundu na nta imezigandisha, punguza. Kupunguza si kumaliza: unatafuta njia ya hewa tu, si sikio jeupe la kupigia picha. Na mbwa wengi hawahitaji hata hivyo. Nywele za kuzunguka mlango wa tundu na zile za ndani ya ndewe, upande unaolala juu ya tundu, zikikatwa fupi kwa mkasi wa ncha butu, hewa inatosha.

Hilo la “kila mwezi” liache. Kagua kila wiki, nyonyoa panapodai.

*Najifunza kazi ya kuosha na kunyoa mbwa, niko Barani. Naomba mnieleze hatua za kunyonyoa masikio bila kumuumiza mnyama.*

Anza na sikio kavu, si siku aliyooga wala siku aliyotoka baharini. Nywele zenye maji huteleza vidoleni, nawe utaongeza nguvu bila kujua.

Tayarisha tochi ya kuvaa kichwani, glavu nyembamba za mpira, mkasi wa ncha butu, shashi, kopo la poda ya masikio ya mbwa, na kibano cha kujifunga chenye ncha butu. Mbwa asimame au alale juu ya meza yenye mkeka wa mpira usioteleza, mwenzako amkumbatie shingo na kifua. Mbwa anayeteleza hupapatika kabla hata hujamgusa.

Kabla ya unywele wa kwanza, nusa, kisha bonyeza taratibu shina la sikio, pale chini kwenye gegedu. Akilia, akivuta kichwa, au ukikuta joto, wekundu, usaha au harufu kali, kazi imekwisha hapo. Sikio gonjwa halinyonyolewi mezani kwa msusi. Linakwenda kwa daktari, ambaye akiona lazima nywele zitoke atampa mbwa dawa ya maumivu au ya usingizi kwanza.

Kama sikio ni zima, chukua poda kidogo sana, kiasi cha kubanwa kati ya vidole viwili, uipake kwenye nywele zinazoonekana. Usiimimine tunduni. Kazi ya poda ni kuvipa vidole mshiko, basi. Ikizidi, huchanganyika na nta ikawa udongo unaoziba kuliko nywele zenyewe. Kwa hewa yetu ya pwani kopo lifunikwe vizuri, maana poda iliyovuta unyevu haishiki tena. Poda ya watoto haifai kwa kuwa inatelezesha, na wanga wa jikoni ukilowa unageuka uji humo humo.

Sasa vidole, cha gumba na cha shahada. Shika nywele tano hadi kumi, si zaidi, karibu na shina lake. Vuta mara moja kwa mvuto mfupi, kuelekea zilikolala. Zilizo tayari hutoka bila mbwa kushtuka. Zinazokataa ziache, bado zina uhai. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu: wanashika fungu zima, wanalizungusha kwenye kibano na kulinyofoa kwa pamoja. Nywele zinatoka kweli, lakini na tabaka la ngozi linachubuka. Sikio litavimba, na safari ijayo mbwa huyo ataanza kukuonyesha meno ukimgusa shavu tu.

Kibano ni cha nywele unayoiona ncha na shina. Kikishabana, kitikise kidogo kabla ya kuvuta. Mbwa akiruka, umebana ngozi, fungua. Kisipite mlango wa tundu.

Dakika chache kwa kila sikio zinatosha. Ngozi ikianza kuiva wekundu au vikitokea vidoa vya damu, acha ulipofika, hata kama upande mmoja umebaki na nywele. Futa poda kwa shashi kavu. Siku hiyo usimwoshe, asiende baharini, na usitie dawa yoyote yenye spiriti kwa sababu vitundu viko wazi na itamchoma. Kesho yake mulika tena: wekundu unaopungua ni sawa, lakini kama kichwa kinatikiswa zaidi na sikio lina joto, usisubiri kesho kutwa.

Kama una watoto wa mbwa, wazoeze wangali wadogo. Gusa sikio, mpe kipande cha kuku wa kuchemsha, mwache. Fanya hivyo siku nyingi kabla ya kuvuta hata unywele mmoja.

*Mbwa wetu, pudeli na labrado, anaogelea karibu kila jioni. Mvua zikinyesha bara, maji ya ufuoni huwa ya udongo. Nimsafishe masikio kila anapotoka? Jirani anatumia siki, mwengine peroksaidi.*

Maji hayo ya rangi ya chai huletwa na mto Sabaki, unaomwaga udongo baharini kaskazini ya mji. Mbwa akiogelea humo hubeba chembe za udongo na mchanga mpaka ndani, na nywele za sikio huzinasa. Msimu huo bora aogelee kidogo. Lakini hata maji yakiwa safi, adui ni unyevu unaobaki chini ya ndewe iliyolala. Chumvi yenyewe haina neno kubwa.

Ili uelewe usafishaji, jua umbo la sikio la mbwa. Njia yake ina umbo la herufi L: inashuka wima kutoka mlangoni, halafu inakunja kuelekea ndani ya kichwa, na kiwambo, ile ngozi nyembamba ya kusikia, kiko mwisho wa mkunjo huo. Ndiyo sababu kijiti cha pamba hakifai. Kinasukuma nta mpaka kwenye kona na kuishindilia pale, usipoweza kuiona wala kuifikia. Dawa ya maji ndiyo inayopinda kona.

Nunua maji ya kusafishia masikio ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Yako ya aina mbili kuu: ya kuyeyusha nta, na ya kukausha, yenye asidi laini kama ya salisili au ya laktiki. Mwogeleaji anahitaji ya kukausha. Mwenye nta nyingi anahitaji ya kuyeyusha. Shika chupa kiganjani mpaka ipate joto, kwani mwili wa mbwa una nyuzi 38 hadi 39 na maji ya baridi humfanya akimbie kila akiiona chupa. Inua ndewe juu, unyooshe ile njia ya wima, kisha mimina mpaka uone maji yamefika mlangoni. Kwa mbwa mdogo ni mililita 2 hadi 4 hivi. Kwa mkubwa kama wako, 5 na zaidi. Matone mawili matatu hayafiki popote. Ncha ya chupa isiguse ngozi, na ikigusa ifute kabla ya kwenda sikio la pili.

Shusha ndewe, kanda shina la sikio kwa sekunde 30. Ukisikia mchapo wa maji ndani, umepata mahali penyewe. Usiposikia kitu, unakanda ndewe tu. Kisha muachilie atikise kichwa, nawe rudi nyuma maana utalowa. Yale yaliyopanda juu yafute kwa shashi iliyozungushwa kidoleni, usiende mbali zaidi ya kidole kinapofika chenyewe. Ikitoka shashi chafu sana rudia mara moja, si mara tano.

Kwa mbwa anayeogelea kila siku, mkaushe kwa taulo kila anapotoka, ndewe pande zote mbili, na maji ya kukausha mtie mara mbili kwa wiki. Kila siku ni kuzidisha: ngozi inayoloweshwa siku zote hulainika na kuchubuka kama ile ya sikio lisilosafishwa. Mbwa asiyeogelea, mwenye masikio safi, mara moja kwa mwezi inamtosha, na wengine hawahitaji kabisa.

Siki ya jikoni ina asidi ya kuua kuvu kweli, lakini kwenye ngozi iliyochubuka inachoma, na huwezi kujua nguvu yake. Peroksaidi inatoa povu linalofurahisha macho, inaudhi ngozi, halafu inaacha maji. Spiriti inaunguza. Mafuta ya nazi, dawa ya kila kitu kwetu, hulainisha nta kisha yakabaki humo yakikusanya vumbi. Kama huna dawa na sikio lina mchanga, tumia maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9. Hayayeyushi nta, lakini hayadhuru. Usichukue ya kisimani.

Jambo dogo: mkimwogesha kwa sabuni, weka pamba mlangoni mwa sikio maji yasiingie. Na mkumbuke kuitoa.

*Niko Muyeye. Sikio la mbwa wangu linanuka na linatoa uchafu wa kahawia. Nilimtia dawa ya matone iliyobaki kwa mbwa wa ndugu yangu, akapona, wiki tatu baadaye limerudi. Je, ni nywele?*

Huenda nywele zinachangia, lakini haziwezi kuwa sababu peke yake. Mbwa wengi wana nywele za masikio na hawaugui.

Rangi na harufu vinadokeza, havithibitishi. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya hamira mara nyingi ni kuvu. Usaha wa njano au wa kijani, wenye uvundo na maumivu makali, mara nyingi ni bakteria, na wengine kati yao ni sugu kwa dawa za kawaida. Uchafu mweusi, mkavu, kama machicha ya kahawa yaliyobaki chini ya dele, hasa kwa mtoto wa mbwa au nyumba yenye paka, hufanya tushuku utitiri. Dawa ya mmoja haimponyi mwengine. Daktari huchukua uchafu kidogo kwa pamba, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na ni afadhali uilipie kuliko chupa ya tatu ya kubahatisha. Aangalie na kiwambo. Kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa za kawaida za masikio, kama zenye jentamaisini, pamoja na baadhi ya maji ya kusafishia, huweza kumharibia mbwa usikivu. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayepepesuka, au anayechezesha macho huku na huku, usimtie kitu mpaka aonekane na daktari.

Sababu ya kurudi kwake pengine ni mbili. Kwanza, dawa ilikatizwa dalili zilipotulia. Tiba huchukua siku 7 hadi 14, mara nyingine zaidi, na humalizwa pale daktari anapotazama tena na kukuta vijidudu vimekwisha, si pale harufu inapopotea. Pili, na hili ndilo husahauliwa, kuna kitu kinachowasha ngozi yake yote: mzio wa viroboto, wa vumbi na chavua ya maua, au wa chakula. Mtazame kama analamba nyayo, anajikuna kwapa, na kama tumbo ni jekundu. Ikiwa ndivyo, sikio ni dirisha tu la ugonjwa wa ngozi, na bila kutibu mzio utanunua matone maisha yake yote.

Usiliache likawa la miaka. Uvimbe unaorudi rudi hunenepesha ngozi ya njia ya sikio mpaka gegedu linageuka gumu kama mfupa, na tundu linafunga. Hapo ndipo ile methali ya sikio la kufa inapotimia, kwa maana dawa haina pa kupita, na kinachobaki ni upasuaji mkubwa wa kuiondoa njia yote.

*Ni halali kutumia mafuta ya taa kuwatoa kupe masikioni? Mbwa wangu anao wengi, na nywele zinawaficha. — Mambrui*

Hapana. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na mbwa akijilamba yanamwingia tumboni. Moto wa kiberiti ndio mbaya zaidi.

Kata nywele za ndani ya ndewe ziwe fupi uweze kuona. Shika kupe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa vidole. Kupe aliye ndani ya tundu, usipoona kichwa chake, mwachie daktari.

Kupe wa kahawia wa mbwa huishi na nyumba. Anataga kwenye nyufa za kuta na chini ya mikeka, kwa hivyo ukimsafisha mbwa peke yake, kesho wanapanda wengine. Kuna dawa za kumeza na za kudondoshea mgongoni. Uliza inayolingana na uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiimimine sikioni. Na kama una paka, soma kibandiko kwanza: permetrini, dawa ya wadudu anayoivumilia mbwa, humuua paka. Mbwa mwenye kupe wengi akipata homa, akakosa hamu ya kula, ufizi ukapauka au akatoka damu puani, mpeleke upesi, maana kupe hawa hueneza ugonjwa wa damu.

*Mimi ni Mwislamu na nimeajiriwa nyumba yenye mbwa. Kazi ya masikio imeniangukia mimi. Nifanyeje bila kujitia najisi kila siku? — Shela, Malindi*

Hukumu za twahara mwachie shekhe wako. Tunachojua ni kwamba Shafii, madhehebu ya wengi pwani hii, inahesabu umajimaji wa mbwa kuwa najisi nzito, ambayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba kavu kwa kavu haiambukizi. Nta ya sikio na maji ya kusafishia si kavu, dada, kwa hivyo panga kazi.

Vaa glavu ndefu za mpira, za jikoni lakini zisirudi jikoni, na kanga kuukuu au aproni inayobaki bandani kwa mbwa. Shashi tupa baada ya kutumia. Ndoo na taulo viwe vyake. Fanya nje karibu na mfereji, asubuhi kukiwa na mwangaza, na mtu mwengine amshike kichwa, maana usoni ndiko kwenye mate. Ukitia dawa tu usimame nyuma ya bega lake na si mbele, akitikisa kichwa matone yatakwenda mbele. Na umweleze mwajiri wako mapema. Kunyonyoa si kazi ya kumbebesha mtu asiyefundishwa, awe wa dini yoyote.

Mbwa akikung'ata katika kazi hii, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mwenyewe anasema amechanjwa.

*Ndewe ya mbwa wangu imevimba ghafla, laini, ina joto, kama kuna maji ndani. Nimtoboe kwa sindano?*

Usimtoboe. Hiyo ni damu. Ametikisa kichwa mpaka mshipa mdogo ukapasuka kati ya ngozi na gegedu. Ukitoboa itajaa tena kufikia jioni, na utakuwa umefungua njia ya usaha. Daktari ataitoa na kuishona ndewe ili pasibaki nafasi, au ataitoa na kumpa dawa ya kutuliza uvimbe. Ikiachwa hivyo hivyo, ndewe hukunjamana ikikauka na huenda ikaziba mlango wa tundu.

Mpaka umfikishe, ilaze ndewe juu ya kichwa na uifunge kwa kitambaa laini kinachozunguka kidevu. Vidole viwili vipite chini ya kitambaa, na umwangalie anavyopumua. Na mwambie daktari atazame ndani ya masikio yote mawili, kwa sababu kilichomfanya atikise kichwa bado kimo humo.